Kabla ya Andiko, Daftari

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya mazingira vya pwani na Usambara, Tanga

Mwenyekiti wa mkutano, maofisa maendeleo ya jamii, wazee wangu, akina mama, vijana: shikamooni. Assalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimepewa dakika arobaini, na baada yangu ni chai. Harufu ya maandazi imeshafika huku mbele, kwa hiyo najua ninashindana na nini.

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Jinsi ya Kupata Wafadhili". Nilipoisoma niliguna. Kila ninapoitwa kwenye vikundi swali ni hilohilo: wafadhili wako wapi? Utadhani wamekaa kwenye kibaraza fulani wanatusubiri, na mimi ndiye niliyeficha njia. Nitawataja, kalamu zenu zishikeni. Lakini nimeshakuwa mweka hazina wa kikundi cha mikoko kwa miaka saba, nikiomba fedha, na siku hizi huitwa kusaidia kusoma maandiko ya wenzangu, yaani maombi ya fedha za mradi, kabla hayajapelekwa kwa mfadhili. Huko kote nimeona kwamba kikundi kinachopata ruzuku ni kile ambacho kazi yake ingeelezeka hata kama fedha isingekuja. Na maelezo hayo hayaanzii kwenye andiko, yanaanzia kwenye daftari.

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe, ili mtakaposikia aibu zenu msidhani nawasema.

Ruzuku yetu ya kwanza ilikuwa shilingi milioni nane. Andiko hatukuliandika sisi. Tulimpata kijana mmoja wa mjini, mtaalamu wa maandiko, akachukua laki tatu mkononi na ahadi ya asilimia kumi ikipatikana. Akaandika kwamba tutapanda miche 20,000 ya mikoko kwa miezi sita. Elfu ishirini ameitoa wapi, sijui mpaka leo. Nadhani ilikaa vizuri kwenye sentensi.

Fedha ikaja. Tukapeleka watu sitini ufukweni kwa siku mbili. Mnaijua mbegu ya mkoko, ndefu kama rula, unaichomeka tu kwenye tope unasonga mbele. Tukachagua sehemu iliyo wazi, mbele kabisa, kwenye tope linaloangaliana na bahari, kwa sababu palikuwa peupe na palikuwa karibu na mahali gari la wageni linapoweza kufika wakapiga picha. Akapita bibi mmoja anatoka kuchokoa pweza, ndoo kichwani. Akasimama, akatutazama, akasema: "Wanangu, hapo mbona ni pa mlilana?" Tukacheka. Mmoja wetu akamjibu kwamba mradi ni wa mikoko, bibi, si wa mililana. Akaenda zake.

Bamvua la kwanza, yale maji makubwa, likaondoka na safu za mbele. La pili likaja na mchanga. Mwaka ulipoisha nilikwenda mwenyewe wakati maji yametoka, nikahesabu kwa mguu, mche kwa mche. Hata mia tano haikufika.

Mzee yeyote wa pwani angetuambia. Mikoko ina aina nyingi, na mbele kabisa, panapofunikwa na maji kila siku, ni makazi ya aina iitwayo mlilana. Nyuma yake ndiyo mkoko wenyewe, wenye mizizi ya magongo. Kisha mkandaa na msinzi, na huku juu kwenye mchanga wa chumvi, mchu. Andiko letu lilijua idadi, halikujua mahali.

Lakini aibu niliyotaka kuwaeleza si hiyo. Miche kufa ni jambo linalotokea, na mfadhili mwenye akili analijua. Aibu ilikuja siku ya taarifa. Tuliulizwa maswali mepesi kabisa: mlipanda tarehe gani, maji yalikuwaje, mbegu mlizitoa mti gani, walikuja watu wangapi, imepona mingapi, mlipoona inakufa mlifanya nini? Nikafungua daftari langu. Ukurasa wa kwanza: orodha ya posho, majina na sahihi. Ukurasa wa pili: mchele kilo arobaini, nyama, soda kreti sita, mkaa. Basi. Mikoko haikuwamo hata mstari mmoja. Hakuna aliyeiba hata senti, nawaapia. Lakini kwa mtu asiyetujua, aliyeshika daftari lile mkononi, sisi tulikuwa kikundi cha kula pilau ufukweni. Awamu ya pili haikuja, na sikuwa na wa kumlaumu.

Sasa tazameni daftari lililofuata. (Hapa nililiinua juu walione.) Ni kaunta buku la kawaida, kwaya mbili, linakaa ndani ya mfuko wa nailoni uliokuwa wa sukari. Limeandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu ukiguswa na maji ya chumvi unakuwa wingu. Nisomeeni mtu ukurasa wowote. Asante, binti yangu. "Jumamosi. Maji mafu. Tumekuja kumi na nne, wanawake tisa. Saa moja hadi saa nne. Tumeokota mbegu za mlilana chini ya miti ya mkondo wa pili. Tumeondoa magunia yaliyokwama kwenye mizizi. Miche ya bedi la tatu imeliwa na kaa, kama thelathini. Bibi amesema tuiinue bedi." Hilo ndilo andiko, ndugu zangu. Lililobaki ni kulinakili vizuri. Na "bibi" huyo mnayemsikia ni yuleyule wa ndoo. Tulikwenda kumwomba radhi, na aliikubali baada ya kutucheka kwa zamu yake.

Angalieni kilichomo: tarehe, hali ya maji, watu, saa, kazi, na kilichokufa. Hicho cha mwisho ndicho wengi wanakiruka. Wanadhani mfadhili akisoma kwamba miche imeliwa na kaa atakimbia. Anayesoma maandiko mia moja kwa wiki, na yote yanasema kila kitu kilifanikiwa, akikutana na kaa anaamka kwenye kiti.

Na daftari hilo lina fedha ndani yake. Wafadhili wengi wanataka kuona mchango wa jamii, na vikundi vingi huandika kwa unyonge "jamii itachangia nguvu kazi" na kuacha hapo. Hesabuni! Watu 30 wakija siku 12, hizo ni siku za kazi 360. Kama kibarua kijijini kwenu analipwa shilingi 10,000 kwa siku, mmeshaweka mezani shilingi 3,600,000 kabla mfadhili hajatoa hata mia. Ila akiuliza "nani hao thelathini?" lazima uwe na majina na tarehe. Bila majina, ile milioni tatu na laki sita ni maneno ya kijiweni.

Msidhani haya nayabuni mimi kwa sababu tulifeli. Wangari Maathai alipoanza kule Nairobi, tarehe 5 Juni 1977, walipanda miti saba. Saba, si elfu ishirini. Msaada mkubwa wa kwanza, dola 122,700 kutoka mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wanawake, ulikuja miaka kadhaa baadaye, akina mama wakiwa wameshajifunza kuotesha miche kwa makosa yao wenyewe. Na utaratibu wao ulikuwa huu: mama analipwa kiasi kidogo, senti nne za Marekani, kwa kila mche uliopona. Si uliopandwa, uliopona. Nawaomba mlifikirie hilo mnapokunywa chai. Huwezi kulipa kwa mche uliopona bila mtu kurudi shambani, kuhesabu na kuandika. Chama chao, Green Belt Movement, kimepanda miti zaidi ya milioni 50, na mwaka 2004 mama yule akapewa Nobeli ya Amani.

Au njooni karibu zaidi. Ukivuka mpaka wa Kenya pale Horohoro ukaenda Kwale, ipo ghuba ya Gazi. Vijiji viwili, Gazi na Makongeni, vinatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 wanauza kaboni inayohifadhiwa na msitu huo, yaani mnunuzi analipia hewa ukaa ambayo miti imeinyonya na kuishika, tani kama 3,000 kwa mwaka, na fedha imeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Matumizi wanayaamua wanakijiji wenyewe. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Watu wanaona tuzo. Mimi naona watafiti wa taasisi ya bahari ya Kenya, KMFRI, waliokuwa wakipima miti pale miaka mingi kabla ya soko, na wanakijiji waliojifunza kushika utepe na kuandika unene wa shina. Mnunuzi aliye Ulaya haoni mti, anachokiona ni daftari. Baadaye vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu navyo vikaingia, hekta 460, na hicho cha Jimbo mtu wa Mkinga, huku kwetu mpakani, anakiona kwa macho.

Hapo kwenye kaboni naomba nipunguze mwendo, maana nimeshaona macho yakiwaka. Kaboni si ruzuku, ni biashara ya mkataba wa miaka mingi. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na kipo kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, NCMC, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Akija mtu kijijini na mkataba wa miaka thelathini na suti nzuri, mpeni chai, msimpe saini. Mkutano mkuu wa kijiji kwanza, halmashauri, na kituo kiulizwe. Na kwa sisi wa mikoko kuna jingine: msitu ule si wetu kuuza. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu ya Serikali Kuu, msimamizi ni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Hata kupanda, andiko lisilo na barua ya TFS wilaya linarudi.

Haya, wafadhili. Andikeni.

Anzieni nyumbani. Upo Mfuko wa Misitu Tanzania, uliowekwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Unatoa ruzuku kwa vikundi, taasisi na hata mtu mmoja mmoja: vitalu vya miche, ufugaji nyuki, kupanda miti, elimu ya uhifadhi. Hutangaza nafasi na fomu zake ni za kujaza, si riwaya. Wa Muheza, Korogwe na Lushoto, ninyi mna bahati ambayo sisi wa ufukweni hatuna: Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, uliosajiliwa mwaka 2001, makao yake Morogoro. Ule una mtaji uliowekezwa na kinachogawiwa ni faida yake, kwa hiyo hautegemei nani kashinda uchaguzi nchi gani. Umesaidia vijiji vinavyopakana na misitu ya hifadhi: majiko banifu, mabwawa ya samaki, mizinga, miti. Kama kijiji chenu kinapakana na msitu wa Amani au wa Nilo na hamjawahi kuuandikia, mnasubiri nini?

Kisha ipo programu ya ruzuku ndogo ya GEF, Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayoendeshwa kupitia UNDP tangu mwaka 1992. Kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa dola 50,000, na wengi walipata chini ya hapo. Uzuri wake ni kwamba maamuzi yanafanywa na kamati ya hapahapa nchini, na wengi wa wajumbe si watu wa serikali. Uzuri mwingine: inaelewa kwamba kikundi cha kijijini si chuo kikuu. Katika baadhi ya nchi wamewahi kupokea maombi kwa picha na video. Pigeni simu ofisini kwao, ulizeni lugha na namna wanayoitaka, kabla ya kumlipa mtu awaandikie Kiingereza ambacho hamtaweza kukitetea.

Vijana wenye shahada mnaofanya utafiti wa wanyama au mimea, tazameni Rufford Foundation ya Uingereza. Yenyewe hupenda mtu mmoja mwenye swali moja zuri. Balozi kadhaa Dar es Salaam, Wajapani wakiwemo, zina mifuko midogo ya miradi ya jamii. Na Tuzo ya Ikweta niliyoitaja ni zawadi ya dola 10,000 kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Huombi kwa ndoto, unaomba kwa historia. Ile asilimia kumi ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu naisema mara moja tu: ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Nimeona kikundi kimeununulia miche ya mvinje, halafu ofisa anakuja kudai rejesho wakati miche iko magotini.

Nyaraka sitazikalia. Usajili, katiba, akaunti yenye watia saini watatu ambao si mke, mume na shemeji, mihtasari ya vikao, barua ya kijiji. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata yupo kwa kazi hiyo, na wengine wamekaa hapa mstari wa pili. Watazameni sura.

Nilichotaka kukikalia ni bajeti, maana ndipo maandiko mengi mazuri yanapofia. Msomaji mzoefu hasomi andiko kuanzia mwanzo, anafungua bajeti kwanza. Akikuta miche ya shilingi milioni moja na nusu, semina ya uzinduzi milioni nne, fulana na kofia milioni mbili, ameshaelewa kikundi kinapenda nini. Sisemi posho ni haramu. Mama aliyeacha mihogo yake kuja kupanda mikoko ana haki ya nauli na chakula. Lakini andikeni kwa jina lake: nauli, watu wangapi, mara ngapi, shilingi ngapi. Neno "uratibu" lenye milioni tatu mbele yake linamfanya mtu aweke karatasi pembeni. Na weka mstari wa kurudi kuhesabu, mwezi wa sita, mwezi wa kumi na mbili. Karibu hakuna anayeuweka, na ndio unaonyesha kwamba mnakusudia kuwepo picha zikishapigwa. Ruzuku ikiwa ya dola, kumbukeni pia kwamba inaingia kwa awamu na thamani inapanda na kushuka njiani. Ulizeni mapema nani anabeba tofauti hiyo.

Kuhusu wale kijana-wa-mjini, nimeshawaeleza yangu. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya fomu. Anayewatumia ujumbe kwamba mmeshinda ruzuku ambayo hamkuiomba, tumeni laki mbili za uhamisho, huyo mnamjua, ni binamu wa wale wa "tuma ile hela kwenye namba hii".

Kuna jambo gumu kidogo, nalo lazima niliseme. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ghafla, kwa amri moja, na kufika Julai shirika la USAID likawa limefungwa. Miradi iliyokuwa na ofisi, magari na mabango iliamka haina mafuta ya pikipiki. Na si fedha ya kupewa peke yake inayokatika. Wenzetu wa Amani walifuga vipepeo, wakiuza buu nje ya nchi. Biashara safi, iliyofanya mtu aone faida ya kutokata msitu. Mwaka 2016 Serikali ikazuia kusafirisha wanyama hai nje, na soko likakatika, ingawa kipepeo wa kufugwa na tumbili wa kukamatwa porini si kitu kimoja. Nimewahi kukaa na mmoja wa wafugaji wale. Vizimba vyake vya neti vilikuwa vimegeuka sehemu ya kuanikia dagaa. Nikamuuliza kama amekata miti yake. Akasema ile iliyokuwa inalisha viwavi hakuikata, imeshazoea kuwepo.

Kwa hiyo ninapoulizwa ruzuku ya kiasi gani inatosha, najibu kwa swali: fedha ikikatika Ijumaa, Jumamosi nani atakuja ufukweni? Kama daftari linaonyesha kumi na nne walikuwa wanakuja kabla ya fedha, hao kumi na nne ndio kiasi chenu. Ombeni fedha ya kazi ambayo watu kumi na nne wanaiweza. Kikundi chetu kilipoomba mara ya pili hatukuandika elfu ishirini. Tuliandika miche 1,200, mlilana mbele na mkoko nyuma, mahali alipotuonyesha bibi, na kurasa tisa za daftari zilizopigwa picha kwa simu tukazibandika mwishoni, na madoa yake ya chumvi. Tulipunguziwa bajeti ya fulana. Tulipewa iliyobaki.

Makaunta buku yako kwenye boksi pale mlangoni, moja kwa kila kikundi, na penseli zake. Wa Pangani chukueni kwanza maana basi lenu haliwasubiri. Maswali sasa. Yupo mzee pale nyuma mkono uko juu tangu nilipotaja posho, naomba nianze na yeye.